“Ungekubali kufa ili ushinde?” Swali bovu lililohamia kwenye gemu

Wiki mbili zilizopita, saa tano usiku, nilipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Ana miaka 19, anasubiri kwenda chuo, na kwa sasa kazi yake kubwa duniani ni PUBG Mobile. Ana timu, yeye na wenzake watatu, na wanashiriki mashindano ya mtandaoni yenye zawadi ya pesa. Nanukuu kwa ruhusa yake:

“Dada shikamoo. Wewe si unasoma mambo ya ubongo? Kuna jamaa hapa mtaani anauza vidonge, ukimeza hulali na unakuwa makini balaa. Jumamosi tuna mchujo. Nasikia mapro wote wa Ulaya wanameza. Kuna utafiti kabisa, nusu yao wamesema wako tayari hata kufa ili washinde.”

Marahaba, nikamjibu, halafu nikakaa kimya kidogo. Cha kwanza kilichonijia ni kumfokea. Cha pili ni kwamba hiyo “nusu” naijua. Mwezi huohuo mwenzetu mmoja wa uzamili aliiweka kwenye slaidi yake ya pili alipotuletea mada ya dawa katika gemu za ushindani, na hakuna hata mmoja wetu aliyenyanyua mkono kuuliza imetoka wapi. Mimi pia nilinyamaza. Kumbe wakati sisi tunaitumia kuchangamsha mjadala, kijana mtaani anaitumia kuamua ameze au asimeze.

Basi leo tuichambue. Hoja yangu ni hii: hiyo nusu haikuwahi kuwa ya wachezaji wa gemu, na swali lililoizaa linapima kitu kingine kabisa, si utayari wa mtu kutumia dawa. Tukiendelea kuuliza hivyo tutaendelea kukosa jibu, na wanaotusikiliza watapata picha ya uongo.

Nusu ilitoka wapi

Miaka ya 1970 daktari mmoja Mmarekani, Gabe Mirkin, aliwauliza wakimbiaji zaidi ya 100: kama ningekupa kidonge kikufanye bingwa wa Olimpiki lakini kikuue ndani ya mwaka mmoja, ungekimeza? Zaidi ya nusu wakasema ndiyo. Daktari mwingine, Bob Goldman, akalichukua wazo hilo na kulipeleka kwa wanamichezo wa kiwango cha juu, hasa wa michezo ya nguvu na ya mapigano. Swali lake: utashinda kila shindano kwa miaka mitano, hutakamatwa, halafu utakufa. Akatoa majibu yake katika kitabu chake cha mwaka 1984. Kati ya wanamichezo 198, takriban nusu walikubali. Aliendelea kuuliza kwa miaka kadhaa na kusema majibu hayabadiliki sana.

Hapo ndipo ilipozaliwa “nusu ya wanamichezo wako tayari kufa.” Angalia kilicho ndani yake: ni kitabu cha kutahadharisha umma, si makala ya jarida iliyopitiwa na wataalamu wengine, ni wanyanyua vyuma na wenzao wa enzi ambayo upimaji ulikuwa dhaifu, na hakuna mcheza gemu hata mmoja. Mwaka 1984 gemu yenyewe ilikuwa Pac-Man.

Mwaka 2009 watafiti wawili wa Australia, James Connor na Jason Mazanov, walifanya jambo dogo ambalo lingepaswa kufanywa mapema zaidi. Waliwauliza watu wa kawaida swali lilelile, wapate cha kulinganishia. Kati ya watu 250, waliokubali walikuwa wawili. Hapo mtu angeweza kusema, “Naam, mnaona, wanamichezo ni watu wa ajabu.” Ndipo mwaka 2013, wakiwa na Jules Woolf, wakachapisha kwenye British Journal of Sports Medicine matokeo ya wanariadha wenyewe, watu 212 waliokuwa kwenye mashindano ya ngazi ya juu Amerika Kaskazini. Safari hii walilichezea swali makusudi, kipengele kimoja baada ya kingine:

Dawa haramu, na utakufa: waliokubali ni 2 kati ya 212.

Dawa halali, na utakufa: 13 kati ya 212.

Dawa haramu, lakini hutakufa: 25 kati ya 212.

Soma tena taratibu. Watu ni walewale, siku ileile, ushindi uleule. Ukibadilisha neno moja kuhusu sheria, waliokubali wanaongezeka zaidi ya mara sita. Ukiondoa kifo, wanaongezeka zaidi ya mara kumi na mbili. Kwa hiyo “utayari” si kitu ambacho mtu anatembea nacho kama urefu au kundi la damu, tuje na kipimo tukisome. Sehemu kubwa ya jibu inatengenezwa na masharti tuliyoyapachika ndani ya swali.

Nisije nikaonekana naupendelea utafiti wa 2013 kwa sababu tu unanifaa. Nao una tatizo. Wanariadha wa leo wamelelewa kwenye semina za kupinga dawa, wanajua jibu linalotakiwa. Mtu akiulizwa pale pale uwanjani, huku amevaa namba kifuani, ana sababu zote za kujibu kistaarabu. Kwa hiyo sisemi kwamba nusu ni uongo na asilimia 1 ndiyo kweli. Nasema namba zote mbili ni majibu ya swali la kubuni, na swali la kubuni la aina hii lina kasoro ya ndani zaidi.

Hakuna anayeuza kidonge cha kifo

Kasoro yenyewe ni kwamba swali la Goldman linaichukulia dawa kama mkataba mmoja mkubwa na shetani. Unasaini mara moja, unapata kila kitu, halafu unalipa roho. Katika maisha halisi mambo hayaendi hivyo. Hakuna dawa inayohakikisha ushindi, na wanaoanza hawaanzi kwa kufikiria kifo. Wanaanza kwa jambo dogo: nimechoka, mwenzangu amemeza na yuko sawa, mechi ni kesho.

Kuna ushahidi mzuri wa hili kutoka riadha hiyohiyo. Mwaka 2011 watafiti walikwenda kwenye mashindano mawili, Ubingwa wa Dunia wa Riadha huko Daegu, Korea Kusini, na Michezo ya Nchi za Kiarabu huko Doha. Hawakuuliza “ungetumia?” Waliuliza kama mtu *ametumia* ndani ya mwaka uliopita, na wakaficha majibu kwa ujanja wa kihesabu ambao kila mwanafunzi wa takwimu anapaswa kuujua.

Ujanja unakwenda hivi, nitaurahisisha. Nakupa sarafu, unairusha ukiwa peke yako. Kikitokea kichwa, sema “ndiyo” bila kujali ukweli. Ukitokea upande wa pili, jibu kweli. Mimi sijui sarafu yako imesemaje, kwa hiyo “ndiyo” yako haikushitaki. Lakini nikiwa na watu 100 na “ndiyo” zikawa 60, najua takriban 50 zimetoka kwenye sarafu. Zinazobaki ni 10, na zimetoka kwa wale 50 waliotakiwa kusema ukweli. Kumi kati ya hamsini ni asilimia 20. Nimepata kiwango cha kundi bila kujua siri ya mtu hata mmoja.

Zaidi ya wanamichezo 2,000 walijibu. Makadirio yalichapishwa mwaka 2018: asilimia 43.6 kwa Daegu na asilimia 57.1 kwa Doha. Vipimo vya damu na mkojo, kwa kawaida, hunasa kama asilimia 1 hadi 2 tu. Zipo hoja dhidi ya namba hizo. Kwa mfano, anayebonyeza haraka bila kusoma maelezo anaweza kuziharibu, na waandishi wenyewe walilichunguza hilo. Lakini hata ukizipunguza sana, bado umebaki na picha ya kushangaza: ukiwauliza wanariadha kama wako tayari kufa kwa ajili ya medali karibu wote wanakataa, huku wengi mno wakiwa wametumia kitu kilichokatazwa mwaka huohuo.

Sioni kupingana hapo. Yule aliyekataa kufa na yule aliyemeza anaweza kuwa mtu mmoja, kwa sababu alipomeza hakuna aliyemwambia habari za kufa.

Katowice, 2015

Sasa tuingie kwenye gemu zenyewe. Nikisema “dawa za kusisimua misuli” kwa mcheza gemu utacheka: misuli gani, ya kidole gumba? Dawa zinazozungumzwa huku ni za kusisimua ubongo. Amfetamini, ambayo ndiyo iliyomo kwenye Adderall. Methilfenideti, iliyomo kwenye Ritalin. Na modafinili, iliyotengenezwa kwa wagonjwa wanaozidiwa na usingizi mchana. Mbili za kwanza zinatibu ADHD, hali inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kushikilia umakini. Zote huongeza kiasi cha dopamini kinachofanya kazi kati ya seli za ubongo, na zile mbili za ADHD huongeza pia noradrenalini.

Kisa kinachotajwa na kila mtu ni cha Julai 2015. Kory Friesen, anayejulikana kwenye Counter-Strike kama Semphis, alisema kwenye mahojiano ya video kwamba yeye na wenzake wa timu yake ya wakati huo, Cloud9, walikuwa kwenye Adderall walipocheza ESL One Katowice mwezi Machi mwaka huo, mashindano yenye zawadi ya dola 250,000. Hakuna aliyepimwa, kwa hiyo tulicho nacho ni maneno yake. Lakini dunia ya gemu ilitikisika. Ndani ya wiki chache waandaaji, ESL, waliomba ushauri wa shirika la Ujerumani la kupambana na dawa michezoni, NADA, na mwezi Agosti huko Cologne wakapima mate ya wachezaji waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Majibu yote yalitoka safi.

Waandishi wengi waliokisimulia kisa hiki, nikiwamo mimi nilipokuwa naandika pendekezo langu la utafiti, tulikigeuza kuwa hadithi ya tamaa: vijana, pesa, uko tayari kwenda mbali kiasi gani? Swali la Goldman tena, limevaa hedifoni. Kinachonigusa nikiyasikiliza upya maneno ya Friesen ni wepesi wake. Hakusema kama mtu anayeungama dhambi. Alisema kama mtu anayetaja jambo ambalo kila mtu chumbani analijua. Hapakuwa na kifo, hapakuwa na anayepima, na kwa Marekani ile ni dawa ambayo mwanafunzi jirani yako anayo kihalali kutoka kwa daktari.

Rudi kwenye ile orodha ya 2013. Gemu za ushindani hazikai kwenye mstari wa kwanza, ule wa dawa haramu na kifo. Zimekaa mbali kabisa, upande ambao kifo hakipo na uharamu wenyewe una ukungu. Halafu sisi tunakwenda kukopa namba kutoka mstari wa kifo, tena ile ya 1984. Jamani.

Jani moja, mpaka mmoja

Huo ukungu wa uharamu hapa Afrika Mashariki tunaujua bila kufundishwa na mtu. Chukua mirungi. Simama Namanga. Upande wa Kenya inaitwa miraa, ni zao la biashara, wakulima wa Meru wanasomesha watoto kwa jani hilo. Vuka uje upande wa Tanzania, jani lilelile ni dawa ya kulevya kisheria, ukikutwa nalo unakwenda na pingu. Muulize kijana wa Maua, “ungetafuna ukeshe?” na muulize wa Arusha swali hilohilo. Ukipata majibu tofauti, umepima utayari wao au umepima mpaka?

Na hilo jani lina kathinoni na kathini, ambazo ni ndugu wa amfetamini. Kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, kathini inahesabiwa kosa siku ya mashindano ikizidi maikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo. Kafeini nayo ilikuwa na kiwango chake cha mkojo mpaka ilipoondolewa kwenye orodha Januari 2004. Mwanamichezo aliyebugia vidonge vya kafeini kupita kiwango Desemba 2003 alikuwa mkosaji; mwezi uliofuata, kwa dozi ileile, akawa mtu safi. Leo vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini ndivyo vinavyodhamini mashindano ya gemu, nembo zao ziko kwenye jezi.

Halafu kuna mlango wa cheti cha daktari. Mwaka 2016 iliundwa tume ya kusimamia uadilifu katika gemu za ushindani, ESIC, na orodha yake ya dawa zilizokatazwa ni fupi: vichangamshi kama hivyo nilivyotaja, basi. Mwenye ADHD iliyothibitishwa anaweza kuomba kibali, na ni haki yake. Mtu mwenye ADHD kumnyang'anya dawa yake ili acheze ni sawa na kumvua mwingine miwani. Lakini tunajua pia kinachoweza kutokea. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani ilianza kupima amfetamini mwaka 2006. Mwaka huo wachezaji 28 walikuwa na vibali vya dawa za ADHD. Mwaka 2007 wakawa 103, katika ligi ya wachezaji wapatao 1,350. Yawezekana baadhi walikuwa wagonjwa muda mrefu na hawakuwahi kwenda kupimwa. Lakini ugonjwa wa ubongo hauongezeki karibu mara nne ndani ya mwaka mmoja. Kilichobadilika ni sheria, na watu wakafuata njia iliyobaki wazi.

Kwenye dodoso la utayari, mchezaji wa aina hii angejibu nini? “Je, uko tayari kutumia dawa zilizokatazwa?” Hapana. Na angekuwa anasema kweli kabisa, kwa sababu yake haijakatazwa, ana karatasi.

Kwani vinasaidia?

Najua kuna msomaji anasubiri hapa. Tafiti nzuri zilizopima vichangamshi hivi kwa wacheza gemu wenyewe ni haba, kwa hiyo nitakwenda kwa jirani wa karibu, sataranji. Watafiti wa Ujerumani walichapisha mwaka 2017 jaribio la wachezaji 39 wa sataranji waliocheza dhidi ya kompyuta, michezo zaidi ya 3,000, kila mmoja akipewa kwa nyakati tofauti methilfenideti, modafinili, kafeini, au kidonge tupu kisicho na dawa. Mchezaji hakujua amepewa nini, wala aliyempa. Saa ilikuwa dakika 15 kwa kila upande.

Ukihesabu michezo yote, dawa hazikuleta faida ya uhakika. Sababu inafurahisha: wachezaji walifikiri muda mrefu zaidi kwa kila hatua, wakapoteza michezo mingi kwa kuishiwa muda. Ukiiondoa michezo iliyopotea kwa saa, ndipo faida ya modafinili na methilfenideti inaonekana. Sasa mchukue huyo mtu anayetafakari kwa kina umweke kwenye Counter-Strike, ambako raundi inaanza na saa isiyofika dakika mbili na adui anatokea mlangoni kwa sekunde moja. Sitasema itamdhuru au itamsaidia. Nasema tu kwamba “makini zaidi” na “mchezaji bora zaidi” si kitu kimoja.

Kuna jaribio jingine, la 2023, kwenye jarida la Science Advances. Watu 40 walipewa fumbo la begi: una vitu vyenye uzito na thamani tofauti, chagua vya kubeba ili thamani iwe kubwa bila kuvuka uzito unaoruhusiwa. Waliomeza methilfenideti, deksamfetamini au modafinili walihangaika zaidi kuliko walipomeza kidonge tupu. Walitumia muda mwingi, wakahamisha vitu mara nyingi zaidi. Ubora wa uchaguzi wao ukashuka. Bidii ilipanda, akili ya kuichagua hatua ikashuka.

Na la mwisho, ambalo ndilo nilimtumia mdogo wangu. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwapa vijana 46 wenye afya vidonge vya mchanganyiko wa chumvi za amfetamini, aina ileile ya Adderall, na kidonge tupu kwa siku nyingine. Waliwapima kwa majaribio 13 ya kumbukumbu, ubunifu, akili na mengineyo. Tofauti ilikuwa ndogo au haikuwapo. Lakini walipoulizwa wenyewe, walihisi dawa imewasaidia kufanya vizuri zaidi.

Hii ndiyo sababu nyingine ya kutouamini utayari unaopimwa kwa maswali. Aliyewahi kumeza atakwambia “inafanya kazi, ninajua” kwa uaminifu wote, kumbe anachokijua ni jinsi alivyojisikia. Atamwambia mwenzake, naye mwenzake atasema “wote wanatumia.” Saikolojia ya michezo imeshaona mara kadhaa kwamba anayetumia hukadiria watumiaji kuwa wengi kuliko asiyetumia anavyokadiria. Na sisi tukiongeza slaidi yenye “nusu,” tumemkabidhi mhuri wa chuo.

Tuulize vipi basi

Sipendekezi tuache kuuliza. Napendekeza tuache kuuliza habari za shetani. Nina mambo manne, na mwenzetu mwenye ile slaidi (ambaye amesoma rasimu hii akacheka, asanteni) amekubali matatu.

Moja, tuuliza “umetumia,” si “ungetumia,” kwa muda mfupi unaokumbukika, na tumfiche mtu kwa sarafu au njia nyingine kama hiyo.

Mbili, tutaje kitu kwa jina na njia kilipopatikana. Kahawa, kopo la kinywaji, kidonge cha daktari wako, kidonge cha rafiki, kidonge cha mtaani. “Dawa za kuongeza uwezo” ni kapu ambalo kila mmoja anatia anachotaka.

Tatu, tukilazimika kutumia swali la kubuni, tubadilishe masharti moja moja kama walivyofanya wale wa 2013, na tutoe majibu yote, si lile linalotisha.

Nne, na hili ndilo alilonikatalia mwenzangu, tuwaulize pia waandaaji. Mchujo unaisha saa ngapi? Mechi ngapi kwa siku? Mnapima nani, na yule anayechezea nyumbani kwake mnampimaje? Yeye anasema hayo ni maswali ya sera, hayahusiani na utayari wa mchezaji. Mimi naona utayari mwingi umelala humo.

Jumamosi

Nilimwandikia mdogo wangu haya kwa ufupi. Nikamwambia kwamba kidonge cha mtaani hakina anayejua kimejaa nini, kwamba amfetamini hupandisha mapigo ya moyo na presha na inaweza kumfanya mtu tegemezi, na kwamba hapa nchini kukutwa nayo ni kesi ya dawa za kulevya. Nikamwambia hiyo nusu ni ya wabeba vyuma wa zamani, na kwamba wenzao wa miaka ya karibuni walikataa karibu wote. Akajibu kwa emoji moja ya kucheka. Nikajua sijamgusa.

Nikakumbuka nilichokuwa nimeandika kuhusu maswali. Nikamuuliza, “Mchujo wenyewe ni saa ngapi?”

“Saa nane usiku dada.”

“Mbona usiku wote huo?”

“Bando la usiku ndo bei rahisi. Na mtandao unakuwa haugandi. Timu karibu zote ziliomba hivo.”

Mpaka hapo nilikuwa nimebishana naye kuhusu tamaa ya ushindi, kuhusu Ulaya, kuhusu dopamini. Kumbe kijana alikuwa anatafuta namna ya kuwa macho saa nane usiku, kwa sababu data ya mchana hawaimudu. Tukapanga: alale mchana kuanzia saa nane, mama asimtume dukani, kahawa kikombe kimoja saa saba usiku. Mama mdogo alilalamika kwamba siku hizi watoto wanalala mchana kama watumishi wa zamu, ila akakubali.

Walitolewa raundi ya pili. Wamejiandikisha tena mwezi ujao, na amewaandikia waandaaji kuomba mchujo uanze saa mbili usiku. Bado hawajamjibu.